Pesa za kuzuia ukatili wa wanawake na watoto zinaishia wapi? Kamati yetu ya kata haijawahi kuona hata nauli

#1 MjumbeWaKata

Wakuu salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu 2019 niko kwenye Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata yetu, mkoa wa Tanga. Halmashauri siitaji, bado nina wajukuu wanasoma huku.

Tunatakiwa kukaa kila robo mwaka. Tangu Julai tumekaa mara moja, mwezi wa tisa, ofisini kwa mtendaji. Mabenchi mawili, daftari la mahudhurio, na mtoto mwakilishi wa wenzake aliyekuja na sare ya shule akaazima kalamu ya shehe kusaini. Kesi zilikuwa tatu. Mbili nazipita. Ya tatu ni binti wa darasa la sita ambaye analala kwa jirani kwa sababu nyumbani kwao hapalaliki. Tukakubaliana watu wawili waende wakaone hali. Kijiji kiko kilometa 14, boda 8,000 kwenda na kurudi. Basi pale tukaanza kuangaliana. Polisi kata pikipiki yake haina mafuta. Afisa maendeleo akasema hana kasma, yaani fungu la bajeti. Mwisho shehe akatoa 5,000, mimi nikatoa 3,000, safari ikaenda.

Ikaja Novemba 25, Siku 16 za kupinga ukatili. Kata ikaletewa turubai, spika mbili na fulana 40. Nimeulizia mjini, fulana ile ni 12,000. Zidisheni: 480,000. Hizo ni safari 60 za boda.

Swali langu ni moja. Hii MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ina fungu au haina? Na kama lipo, linaishia wapi?

#2 Kisu_Butu

Mzee umejiuliza na kujijibu. Fulana inapigwa picha, nauli ya boda haipigwi picha. Mods fungeni uzi.

#3 Chalii_wa_Ngarenaro

😂😂 Mimi ile fulana ninayo, ya mwaka juzi. Naoshea pikipiki. Inanyonya maji balaa.

#4 Mama Tausi

Shikamoo mwalimu. Pole na hongera kwa moyo huo.

Kwetu kamati ipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, majina na namba za simu. Mmoja kati ya walioandikwa alishafariki. Mtu akipigwa usiku anajua pa kwenda: kwa mama mmoja mwenye genge la nyanya, kila mtu anamjua. Hayumo kwenye kamati.

#5 Baba Watatu

Tuwe wakweli, hii MTAKUWWA imeanza juzi tu, 2019, korona ikaja ikaivuruga. Ipeni muda. Halafu nchi hii wanawake 40 katika 100 wanapigwa, huwezi kumaliza jambo la mababu kwa miaka mitano.

#6 Fundi Takwimu

#5 mkuu, turekebishe mawili.

MTAKUWWA ilizinduliwa Desemba 2016, ikatekelezwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hadi 2021/22. Ilizoa mipango minane iliyokuwa inatembea kila mmoja na njia yake, ikaiweka kwenye kapu moja. Awamu ya pili ni 2024/25 hadi 2028/29. Hesabu vidole, kati ya awamu hizo kuna miaka miwili ya fedha.

Hiyo 40 ni ya utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16: wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Utafiti wa 2022 ulipata 27. Ukatili wa kingono ulitoka 17 kwenda 12. Kwa hiyo imeshuka, na imeshuka sana.

#7 Kisu_Butu

Imeshuka au wamechoka kujibu maswali? Dada mgeni na kishkwambi mkononi anaingia kwako, shemeji yako yuko barazani anachonga mpini wa jembe, anakuuliza "je, umewahi kupigwa?" Utajibu nini.

#8 Fundi Takwimu

Swali hilo linaulizwa faragha, ni utaratibu, kukiwa na mtu karibu wanaliruka. Na 2015 waliulizwa vilevile. Kama wanaficha, basi walificha zote mbili.

#9 PlanRepMzee

Nimekaa mipango kwenye halmashauri tatu, miaka 22, sasa nafuga kuku, kwa hiyo sina wa kumwogopa.

Mwalimu, swali la "ina fungu au haina" ndilo linalowapoteza watu. MTAKUWWA ni mpango. Unasema nani afanye nini, kisha kila mmoja akatafute pesa kwenye kapu lake. Dawati la Jinsia na Watoto ni la polisi, kapu lake liko Mambo ya Ndani. Mratibu wa MTAKUWWA wa halmashauri ni mtu wa Maendeleo ya Jamii. Yule binti wako ni kesi ya Ustawi wa Jamii, na Ustawi kwa muundo wa sasa wamewekwa chumba kimoja na Afya na Lishe. Mwalimu mlezi yuko Elimu. Sasa ile 8,000 ya boda ni ya nani? Kila mmoja ataapa si yake, na kila mmoja atakuwa mkweli.

Njooni kwenye bajeti yenyewe. Mapato ya ndani yakishakusanywa, 10% inakwenda mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hiyo ni sheria. Halmashauri ndogo inatoa 40% kwa miradi ya maendeleo, yenye uwezo 60%. Kinachobaki kinagombewa na posho za vikao vya madiwani, mafuta, umeme, wazabuni wanaodai tangu mwaka wa Nuhu, mbio za Mwenge. Ukifika kwenye ukatili, mchumi anaandika milioni 3 au 4 ili mkaguzi akija aoneshwe kuwa ipo. Kupangwa ipo. Kutoka ndiyo mtihani. Kuna mwaka niliona kasma hiyo ikipangiwa milioni 4, ikatoka laki sita, na zote zilitoka Novemba. Mnajua Novemba kuna nini.

Linganisheni na lishe. Huko wakuu wa mikoa walisaini mkataba, kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Ikifika tathmini unaoneshwa rangi. Mkurugenzi mwenye nyekundu halali. Nimewahi kuitwa saa mbili usiku nirudi ofisini kwa sababu ya ile 1,000 ya lishe. Kwa ukatili, miaka yote 22, sikuwahi kupigiwa simu hata mchana.

#10 Chalii_wa_Ngarenaro

Mzee wa kuku umeshusha nondo. Mayai trei bei gani?

#11 Kisu_Butu

#9 nondo nzuri lakini unamtetea mkurugenzi. Laki sita ya Novemba ilinunua nini? Fulana. Kwa nini fulana na siyo mafuta ya polisi kata? Kwa sababu fulana ina mzabuni, na mzabuni ana shemeji. Msituzungushe na vyumba vya Afya na Lishe.

#12 PlanRepMzee

Shemeji yupo, sikatai. Ila hata asingekuwepo, nauli ya boda haina risiti ya mashine. Mhasibu ataifungia wapi? Safari 60 za boda ni karatasi 60 zilizoandikwa kwa mkono na vijana wa boda, na mkaguzi akiziona anafungua hoja. Fulana 40 ni risiti moja. Watu waaminifu kabisa wananunua fulana kwa sababu hiyo.

#13 Nesi wa Zamu

Niongeze upande wangu, nipo kituo cha afya.

Tunachanganya kuzuia na kuhudumia. Pesa kidogo inayopatikana inamezwa na aliyekwishaumia, na kwa kweli huwezi kumwacha. Mtu aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kumkinga na VVU. Namba hiyo ndiyo inayoniendesha usiku, mengine yanasubiri.

Mwezi uliopita mama alimleta mtoto, ametembea tangu alfajiri. Mahali alipopitia kwanza aliambiwa fomu za PF3, zile za polisi za kwenda nazo hospitali, zimeisha, akatoe kopi. Akatafuta stationari, ikawa bado haijafunguliwa, akakaa kizingitini na mtoto mgongoni mpaka saa mbili na nusu. Kopi shilingi 200. Alipofika kwangu alinipa ile karatasi kwanza, kabla ya kunipa mtoto.

Jamani tuelewane: majeruhi wa ukatili anahudumiwa kwanza, PF3 inafuata. Mkikutana na anayesema vinginevyo mwambieni. Na kwa ajili ya mtoto yeyote mnaweza kupiga simu 116, ni bure.

Kwa hiyo mwalimu, ukiniuliza zinaishia wapi, nakwambia zinaishia kwangu, na hazitoshi. Huko mbele kwenye kuzuia hazifiki kabisa.

#14 Mama Tausi

Nesi Mungu akubariki. Hiyo ya kizingitini imenikaa hapa kooni.

#15 MkaaPwani

Asalaam alaykum. Huku Unguja sisi tunasema udhalilishaji, na yakhe tuna vitu ambavyo nyie bara mnavitafuta. Mkono kwa Mkono ipo Mnazi Mmoja tokea 2011, daktari, polisi, mshauri, wote pahala pamoja, mtu hazungushwi. Mahakama maalum ya udhalilishaji tunayo tokea 2021, na dhamana kwa kesi hizo hakuna.

Na bado kesi zinakufa. Zinakufa kwa muhali, yaani kuoneana haya. Mshitakiwa ni ami yake mtoto, shahidi ni bi mkubwa wa nyumba hiyohiyo. Siku ya ushahidi bibi anaumwa mguu. Siku ya pili yuko Pemba harusini. Siku ya tatu mtoto kahamishwa skuli. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, anajua, jirani anajua, na kila mmoja anaona muhali. Sasa pesa utaimwaga wapi hapo? Muhali hauna kasma.

#16 Msafiri254

Salamu kutoka Kisumu. Nimecheka mliposema PF3, sisi ni P3, tumetupa herufi moja tu lakini foleni ni ileile.

Muhali wa #15 kwetu, hasa kule kaskazini mashariki, unaitwa maslaha. Wazee wanakaa chini ya mti, ngamia wanahesabiwa, faili inafungwa. Msichana hayuko hapo chini ya mti.

Kuhusu pesa, msidhani ahadi kubwa ndiyo suluhisho. Mwaka wa 2021 Rais Uhuru aliahidi mbele ya dunia dola milioni 23 za kupambana na hii dhuluma kufikia 2022, kisha zipande hadi milioni 50 kufikia 2026. Mwisho wa 2024 polisi wakatangaza wanawake 97 wameuawa kwa miezi mitatu. Tisini na saba. Ruto akatoa shilingi milioni 100 za kampeni, na Januari 2025 akaunda jopo la watu 42 likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza. Sisi Wakenya jopo tunalijua. Jopo ni jina la pili la kabati.

#17 Chalii_wa_Ngarenaro

Watu 42, mkigawana fulana 40 wawili wanabaki kifua wazi.

#18 Baba Watatu

Nimekubali marekebisho ya #6. Lakini kuna jambo mnalikwepa. Hivi mwanaume anatajwa wapi kwenye mpango huu zaidi ya kuwa mshitakiwa? Mtoto wa kiume je? Ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliotoka 2011 ulisema nini kuhusu wavulana?

Na pombe. Kijijini kwetu gongo inaanza kunywewa saa tatu asubuhi. Fungeni vilabu miezi mitatu muone kama dawati la jinsia litakuwa na kazi.

#19 Fundi Takwimu

Ulisema karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Na kwa kipigo hakukuwa na msichana wala mvulana, karibu robo tatu ya wote waliwahi kupigwa, na wapigaji wakubwa walikuwa ndugu na walimu.

Samahani mwalimu.

#20 MjumbeWaKata

Usiombe samahani. Nimechapa miaka 31. Kanuni za 1979 zilituruhusu na baadaye zikapunguzwa ziwe fimbo nne, kwa idhini ya mkuu wa shule, ziandikwe kwenye kitabu. Kitabu hicho nilikiona mara mbili katika shule tano. Leo nakaa kwenye kamati ya ulinzi wa watoto, na yule mtoto mwakilishi aliyeazima kalamu ya shehe, baba yake nilimchapa darasa la nne. Ananisalimia vizuri tu.

#21 Kisu_Butu

Tusihamie kwenye viboko, uzi utafika kurasa 40 na hakuna atakayebadili msimamo. Mimi nilichapwa na...

#22 Chalii_wa_Ngarenaro

...na hukunyooka 😂

#23 Mama Tausi

Mimi nataka kusema la pesa ya mkononi, kwa sababu naona wote mnaongea kama pesa ni ya ofisini tu. Mpango wenyewe eneo la kwanza ni kuimarisha uchumi wa kaya, nimesoma kipeperushi. Wazo lao ni kwamba mwanamke akiwa na chake hapigwi.

Niko kwenye VICOBA miaka tisa, mimi ndiye natunza funguo mojawapo kati ya tatu za sanduku. Nimeona yote mawili. Shoga yangu alipata mkopo wa ile asilimia kumi ya halmashauri kabla haijasitishwa kwa muda 2023, akafungua duka la vipodozi. Mumewe akawa anakuja dukani jioni anafungua droo. Ikifika siku ya rejesho pesa pungufu, anapigwa kwa kuuliza. Pesa ndiyo ilileta kipigo. Kabla ya duka walikuwa wanagombana kama watu wote.

Mwingine palepale kikundini, mumewe alikuwa mkorofi hasa. Alipoanza kuingiza kipato akawa mpole, anamsubiri kituoni na mwavuli. Pesa hiyohiyo, kikundi hichohicho. Mniambie ninyi wenye takwimu.

#24 Fundi Takwimu

Mama, hicho ulichokisema walikipima Mwanza. Utafiti unaitwa MAISHA. Walichukua wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo, nusu ya vikundi wakaongezewa vipindi 10 vya mafunzo kuhusu mahusiano na ukatili. Waliopata mafunzo kipigo kilipungua kuliko kwa wenzao wenye mkopo peke yake. Kisha wakayapeleka mafunzo yaleyale kwa wanawake wasio kwenye mikopo. Huko tofauti haikuonekana.

Mimi naelewa hivi: mkopo peke yake ni kamari, mafunzo peke yake ni maneno. Na mafunzo hayo yanahitaji mtu wa kuyaendesha wiki kwa wiki, siyo siku moja na turubai.

#25 Mama Tausi

Sasa huyo mtu wa wiki kwa wiki nani anamlipa? Hapo ndipo tulipoanzia.

#26 Msafiri254

Waganda walijibu hilo kwa watu wa kujitolea. Pale Kampala, mpango wa SASA!, jirani anaongea na jirani, kinyozi na wateja wake, ndani ya miaka kama minne. Walipopima, kipigo cha mume kwa mke kwenye mitaa yenye mpango kilikuwa chini kwa kama nusu. Na jina ni letu, Kiswahili, Waganda wametuazima.

#27 Fundi Takwimu

Kweli, ni 52% chini. Ila mitaa ilikuwa minane tu, minne kwa minne, kwa hiyo ile namba ina mtikisiko mkubwa, usiibebe kama amri kumi. Na "kujitolea" kule kulikuwa na shirika nyuma linalowafundisha na kuwashika mkono miaka yote. Si bure.

#28 Kisu_Butu

Hapo mmefika kwenye ukweli: miaka yote kazi hii ilikuwa ya wafadhili. Serikali ilitoa mpango, mfadhili akatoa mafuta, semina, posho ya 20,000 na chapati. Mmarekani alipofunga pochi mwanzoni mwa 2025 tukaona nani alikuwa amevaa nguo. Kamati nyingi hazijakufa kwa sababu ya kasma ndogo za #9. Zimekufa kwa sababu zilizaliwa kwenye semina, na semina zimeisha.

#29 PlanRepMzee

Hilo nakubali nusu. Wafadhili ndio walitufanya tusijifunze kutenga. Mchumi akiona shirika lipo kata tatu, anaifuta kasma na kuandika "itagharamiwa na wadau". Nimeandika maneno hayo mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mdau akiondoka, ile sentensi inabaki.

Nusu ninayokataa: kamati ya #1 ipo hai. Shehe ametoa 5,000. Hiyo haikuzaliwa kwenye semina.

#30 Nesi wa Zamu

Na mimi nakataa kidogo. Semina mnazozicheka ndizo zilinifundisha kupokea mtoto bila kumhoji mbele ya watu. Kabla ya hapo nilikuwa nauliza kwa sauti pale mapokezi, Mungu anisamehe.

#31 Baba Watatu

Hakuna aliyejibu hoja ya pombe.

#32 MkaaPwani

Huku watu wengi hawanywi kaka, na udhalilishaji upo. Tafuta nyengine.

#33 Baba Watatu

Bangi je?

#34 Chalii_wa_Ngarenaro

Mzee Watatu utafika mpaka kwenye soda.

#35 Binti_Sheria

Nimesoma kimyakimya tangu ukurasa wa kwanza. Mnatafuta pesa, na kuna kinga isiyodai hata shilingi ambayo imekaa mezani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na 17, binti anaolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo akashinda Mahakama Kuu 2016, Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikamaliza maneno Oktoba 2019: 18 kwa wote, vifungu virekebishwe. Hesabuni miaka. Unatenga pesa kuzuia ndoa za utotoni huku kitabu cha sheria bado kina ile 15?

#36 MjumbeWaKata

Binti Sheria, hoja yako naichukua, lakini nikwambie la kwetu. Waozeshaji huku hawajui kifungu cha 13 wala cha 130. Wakiona mtoto amefeli darasa la saba wanaona mzigo. Aliyefaulu hawamgusi. Kwetu bweni la shule ya kata limezuia ndoa nyingi kuliko mahakama zote mbili.

#37 Binti_Sheria

Na mimi nakuamini, mwalimu. Ila asiyejua kifungu, hakimu anakijua.

#38 MjumbeWaKata

Wakuu narudi na mrejesho, baada ya mwezi na kitu. Heri ya mwaka mpya.

Nilichukua maneno ya #9 na #12 nikaenda nayo Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakati tunapeleka vipaumbele vya bajeti. Nikaomba 600,000 ya nauli za kufuatilia kesi, mwaka mzima. Nikaeleza habari ya boda na fulana. Walicheka kwenye fulana.

Diwani akauliza, "Mwalimu, huu ni mradi gani? Nitauzindua vipi?" Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua hasa. Ana kivuko kilichobebwa na maji tangu masika, na watoto wanavuka kwa kamba. Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu na mimi wajukuu wangu wanavuka palepale. Mwisho waliiingiza, imeandikwa "Uratibu wa shughuli za MTAKUWWA ngazi ya kata, 600,000".

#39 PlanRepMzee

Hongera sana. Ila hapo kuna neno moja baya. "Uratibu". Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu mnachoruhusiwa, ukishuka, mchumi anatafuta kwanza penye uratibu, uhamasishaji na ufuatiliaji, anakata bila kusoma. Ingeandikwa "kusafirisha watoto walio hatarini na maafisa kwenda kwenye kesi", na idadi ya safari. Mkono unasita kukata mtoto.

#40 MjumbeWaKata

Muhtasari ulishasainiwa mkuu, umepanda halmashauri.

#41 PlanRepMzee

Mfuate mchumi kabla hajafunga mfumo, atabadilisha dakika moja.

#42 MjumbeWaKata

Yuko likizo.

#43 Chalii_wa_Ngarenaro

Mzee, Novemba si mbali. Unavaa saizi gani?

#44 MjumbeWaKata

XL kijana wangu, na unitafutie ya mikono mirefu, huku kuna mbu.

Yule binti ameingia darasa la saba. Bado yuko kwa jirani. Analala na watoto wa nyumba ile kitanda kimoja, watatu, na anaongoza kwa hesabu.

#45 Nesi wa Zamu

Mwalimu, huyo jirani ameandikishwa Ustawi kama familia ya kuaminika? Kama bado, baba akija kudai mtoto wake leo jioni, jirani hana karatasi ya kusimamia. Usisubiri bajeti kwa hilo.

#46 MjumbeWaKata

Hilo sikulijua kabisa. Ofisi ya Ustawi iko mjini, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu naenda na jirani mwenyewe.

#47 Kisu_Butu

Nauli ya watu wawili kiasi gani mzee? Nitumie namba inbox.